Uwatu wa Arobaini

Jumapili, 1 Septemba 1974

Mimi Shomari wa Gongoni ndiye mkulima hodari kuliko wote waliopata kuzaliwa Unyamwezi, na sina hata jembe. Mashamba yangu yamekaa juu ya matofali, chini ya upenu wa Bibi, na nayavuna kwa mkasi wa cherehani. Mtu wa Usoke anaingojea tumbaku yake miezi na miezi mpaka anaota mvi. Mimi nangoja siku tisa. Mwalimu aliyenitabiria darasa la sita kwamba nitakuwa mzigo wa taifa na aje achungulie. Aje na kapu lake, apange foleni nyuma ya mteja wangu Bachubai.

Daftari hili lilikuwa la hesabu. Nimeanzia nyuma kwa sababu mbele kuna kalamu nyekundu nyingi mno.

Kazi yenyewe naiandika mara moja, wajukuu wasinisumbue. Unachukua kifuniko cha sanduku la chai, unajaza mchanga wa mtoni uliooshwa, unene wa vidole viwili. Unaloweka uwatu mpaka uvimbe, unaumwaga juu ya mchanga kwa wingi, mbegu igusane na mbegu, unaufunika gunia bichi siku tatu. Ukifunua, umeshaamka. Siku ya tisa majani yana urefu wa kidole, mawili mawili, laini kama masikio ya paka. Unakata, unafunga vifungu kwa uzi. Wahindi wanayala kama watu waliotoka jela. Na mwaka huu, bustani zote zimekauka, kijani pekee mjini ni cha kwangu na cha bendera.

Jumatatu, 2 Septemba

Mvua hakuna. Lakini nani aliitaja.

Alhamisi, 5 Septemba

Dada Zamda kajifungua dume. Alikuja kutoka Kigoma kwa mumewe miezi miwili iliyopita, kwa kuwa mimba ya kwanza huzaliwa kwao. Jina Nassibu. Nimemtazama: mwekundu, mikunjo mitupu, kama balozi wetu wa nyumba kumi akikasirika. Nimesema hivyo, nikapigwa na mwiko.

Bibi Mwanajuma katoa kopo la samli mvunguni. Uwatu mtupu, kopo zima, kauficha tangu wakati maduka yalikuwa bado maduka. Mzazi wetu hanywi chai, anakunywa uji wa uwatu siku zote arobaini, asubuhi na jioni, ndipo maziwa yanashuka. Bibi anasema mama yake alikunywa, na mama wa mama yake, aliyekuja na msafara kutoka pwani na kopo lake kichwani. Ua mzima unanuka uwatu. Hata jasho la Zamda linanuka.

Nimelitazama kopo lile kama mwenye njaa anavyotazama sufuria la jirani.

Jumapili, 8 Septemba

Dukani kwa Ratilal uwatu umekwisha. Kanionyesha gunia, kalikung'uta mbele yangu. "Meli hakuna, bwana. Hata mimi nataka."

Mama yake, Bachubai, alikuwa amekaa kwenye kiti chake nyuma ya mizani. "Wewe Somari, jani yako iko tamu sana. Wiki ijayo leta mingi."

"Nitaleta, mama. Mbegu ninazo mpaka masika."

Sikuwa na punje.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo nimechukua vikombe viwili kwenye kopo la Bibi. Nafasi yake nimejaza mtama mweupe niliouponda. Kwa jinsi uwatu unavyonuka, robo ya kopo inatosha kudanganya pua ya mtaa mzima. Bibi katwanga, kapika, kanusa, kasema alhamdulillah. Macho yake yana ukungu siku nyingi. Akili hii darasa la saba hawafundishi.

Jumanne, 17 Septemba

Mwezi umeandama. Kufunga kesho. Mvua hakuna.

Jumatano, 25 Septemba

Shamba la tatu na la nne yametoka vizuri ajabu. Maji nachota kwenye debe la mpangaji wetu, Veneranda, mama Yoramu. Anapanga chumba cha uani. Mumewe Silasi yuko relini upande wa Mpanda, haonekani ila mwisho wa mwezi, na miezi mingine haina mwisho. Alfajiri Veneranda anakwenda kisimani na mtoto mgongoni, anarudi na debe kichwani. Nusu nanywesha mashamba. Anajua. Anasema tu, "Shomari, mwanangu naye ataogea nini? Majani yako?" Namjibu mwanawe mnene vile maji hayamtoshi, tumpeleke Ziwa Tanganyika.

Ni kweli Yoramu ni mnene. Miezi minane, mashavu yamemfunika macho.

Wetu, Nassibu, analia. Zamda anambadilisha ziwa hili, ziwa lile, halafu anatazama ukuta. Leo Veneranda kaja mpaka mlangoni, kapiga goti.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

"Bibi, mimi maziwa ninayo mengi, mpaka yananiuma. Naomba nimsaidie mtoto, hata mara moja kwa siku."

Bibi kaacha kupepeta. "Mjukuu wangu anyonye ziwa la mla nguruwe? Halafu awe ndugu na mwanao, ziwa moja? Uwatu anakunywa, maziwa yatashuka. Nenda kapike."

Veneranda kaondoka. Mimi nilikuwa nanywesha. Sikuinua kichwa.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nassibu halii sana siku hizi. Hanenepi, lakini hakondi. Bibi anasema, "Mmeona uwatu?" Nimecheka mpaka nikapaliwa, nikasingizia vumbi.

Jumanne, 8 Oktoba

Unga wa foleni ni ule wa njano, wenyewe wanauita Yanga. Bibi na mimi tunapokezana kwenye mstari tangu asubuhi. Ugali wake ukiuangusha unaruka.

Jumatatu, 14 Oktoba

Arobaini. Nassibu kanyolewa nywele. Kichwa kikubwa, shingo uzi. Uji wa uwatu utaendelea, kasema Bibi, maana mtoto bado mwepesi. Kopo kwa sasa nusu ni mtama wenye harufu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Idi! Nimevaa suruali ya bugaluu. Ya kijivu, chini pana kama mlango wa duka, na viatu vya raizoni vinavyonifanya mrefu kuliko imamu. Yote yametoka kwenye masanduku ya chai. Wasichana wa Gongoni wamenitazama mpaka wamekanyagana.

Wanawake wa mtaa walikuja kumpa Zamda mkono wa Idi. Mmoja kauliza mbona mtoto hachangamki. Yoramu alikuwa anatambaa pale uani, tumbo linaburura chini. Nikasema, kuchekesha watu tu: "Hamjui? Maziwa ya dada yamehama nyumba. Yamepanga chumba cha uani."

Wamecheka sana. Bibi hakucheka.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mzaha wangu una miguu. Leo nimeusikia kisimani kwa watu nisiowajua, na umeongezwa: ati mama Yoramu alipiga goti mlangoni akaomba mtoto, na tangu siku hiyo ziwa la Zamda limekauka. Ati goti ndilo lililovuta. Mimi nina kipaji. Nikisema neno Gongoni, kesho liko Kwihara.

Jumatano, 30 Oktoba

Mawingu yamekuja, yamesimama juu ya stesheni, yamekwenda.

Bibi kamshika Zamda kifuani mbele yangu, kabana kama anayekamua embe. Hakuna kitu. "Uwatu kopo zima! Mwanamke gani ananyweshwa uwatu kopo zima asitoe hata tone? Hapana. Hapa pana mkono wa mtu." Zamda kasema, "Bibi, usimguse mama Yoramu." Bibi kamwambia kumbe hata ulimi wameshamfunga.

Ningeweza kusema kuhusu mtama. Nilikuwa nimevaa bugaluu.

Jumamosi, 2 Novemba

Mzee Abbasi, balozi wetu, kaja na karatasi. Kila nyumba kumi zitoe majina ya watu wasio na kazi maalum mjini, wahamie kijiji kipya cha ujamaa kupita Kwihara, wakalime. Nikainamia sanduku, mkasi mkononi.

"Huyu kijana wako, Bi Mwanajuma, kazi yake nini?"

Nikarukia: "Shikamoo mzee. Kilimo. Kufa na kupona, kama redio inavyosema. Hesabu mashamba."

Katazama masanduku, katazama bugaluu. "Haya ni majani ya kuku."

"Kuku wa Bachubai, mzee. Onja."

Kaonja, kafinya uso, kataka kifungu aende nacho. Nimempa viwili. Bibi naye kasema taratibu, kama mtu anayekumbuka chumvi: "Uani kuna mwanamke. Mume hatumwoni. Kazi hatuijui."

Abbasi kaandika. Haikuchukua muda. Jina refu, V-e-n-e, mimi ndiye niliyemtajia herufi. Kalamu yake ilikuwa haijui.

Jumamosi, 9 Novemba

Lori lilikuja saa mbili asubuhi. Mgambo wawili, na watu wa mitaa mingine tayari wamekaa juu ya magodoro. Veneranda alikuwa anamwosha Yoramu. Hakupiga kelele. Alisema, "Silasi akirudi atanikuta wapi? Naomba mngojee mwisho wa mwezi." Mgambo mmoja kasema, "Mama, hii ni operesheni, si harusi." Na mimi nikaongeza, "Huko kuna hewa, mama Yoramu. Na maziwa uliyonayo utawalisha kijiji kizima." Watu kwenye lori wakacheka. Watu kwenye lori!

 Veneranda alitazama mlango wa chumba cha Zamda. Mlango ulikuwa umefungwa na Bibi amekaa mbele yake na tasbihi. Ndani nilimsikia dada anasema, "Nifungulie, Bibi. Bibi, nifungulie," na Nassibu hasikiki kabisa.

Debe lake kaliacha. Sasa ni langu, na kisimani nakwenda mwenyewe. Zito, debe lile.

Jumanne, 12 Novemba

Nassibu analia mchana kutwa. Mvua hakuna.

Ijumaa, 15 Novemba

Maziwa ya ng'ombe tuliyonunua yalikuwa na maji nusu, nayo maji ya kisima cha matope. Anaharisha. Hospitali wamempa dawa na wamesema anyonye sana. Anyonye nini, hawakusema. Bibi anasema mchawi akiondoka huacha kazi yake nyuma, itaisha pole pole.

Jumatatu, 18 Novemba

Habari kubwa! Mjukuu wa Bachubai anaolewa, bwana harusi anatoka Mwanza, karamu Alhamisi ya tarehe 28. Bachubai anataka bajia za majani ya uwatu, na majani mengine hayapo Tabora. "Sanduku zote, Somari. Jumatano saa nne leta jikoni. Kama iko chelewa, harusi yangu iko aibu." Ratilal kasema nikifanikisha, nitasimama dukani kwake, nyuma ya meza, nipime sukari. Mimi! Wale walionitabiria wataniomba sukari kwa heshima.

Nimemaliza uwatu wa kopo la Bibi, nimeuchekecha na kuacha mtama mtupu. La mwisho kabisa, mpaka punje za kwenye mshono wa bati. Masanduku kumi na moja. Leo nimesia, siku ya tisa ni Jumatano hiyo hiyo. Mungu mwenyewe kapanga.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimefunua magunia. Yameota yote kumi na moja, hakuna kipara. Nassibu amekuwa na uso wa mzee.

Jumatatu, 25 Novemba

Bibi alikwenda foleni. Zamda akaniita ndani. Alikuwa amekaa chini, mtoto kwenye paja, na mtoto alikuwa kama kanga iliyokunjwa. Kasema bila kunitazama.

"Shomari. Mama Yoramu alikuwa akimnyonyesha."

"Nani?"

"Huyu. Kila siku, Bibi akienda msikitini au foleni. Mimi nilimwomba. Nilikuwa namwambia wewe usimwone, maana mdomo wako ni tarumbeta. Tangu mwezi wa Ramadhani anaishi kwa ziwa lile."

Nilikumbuka Yoramu akitambaa peke yake uani mchana, anakula mchanga wangu, na mimi namfukuza kwa kijiti.

"Nenda kamtafute. Chukua baiskeli ya Mzee Abbasi, mwambie unapeleka majani. Ukimpata, kesho hiyo hiyo tunampeleka mtoto. Bibi aseme anavyotaka. Shomari, mdogo wangu, sijawahi kukuomba kitu."

Nimemwambia ndiyo.

Jumanne, 26 Novemba

Nimekwenda. Njia ile ya zamani ya wapagazi, nimepita Kwihara na tembe alimokaa Mzungu wa zamani, vumbi mpaka kwenye meno. Kijiji chenyewe ni vigingi na nyasi. Watu wanachimba misingi kwenye ardhi ngumu kama kikaango. Nimeuliza. Sikumkuta.

Nimerudi adhuhuri. Nimenywesha. Majani yamesimama vizuri, kesho yatakuwa tayari.

Jumatano, 27 Novemba

Nilianza kukata kabla jua halijachomoza, maana yakipigwa na jua yananyauka. Sanduku la kwanza, la pili. Mkasi unalia kri, kri. Zamda alikuja akasimama mlangoni na mtoto begani.

"Huendi tena kuuliza?"

"Dada, nimekwambia hayupo. Nipeleke haya kwanza. Nikirudi nitakwenda, nitauliza mpaka Usoke."

"Hafungui macho."

"Saa moja tu."

Alisimama mpaka nikafika sanduku la saba, kisha akaingia ndani. Nilifunga vifungu, nikavifunika kwa majani ya mgomba na kitambaa kibichi, nikapakia kwenye baiskeli ya Abbasi. Kwa Bachubai jikoni kulikuwa na wanawake kumi, masufuria, kelele, harufu ya sukari. Walinipigia makofi. Naandika ukweli, walinipigia makofi. Bachubai alinusa kifungu akafumba macho, akasema nikae, nile. Nikala. Walinipa jilebi za shira, nikala tatu, moja nikaifunga kwenye karatasi nimletee Zamda.

Niliporudi, kelele nilizisikia kuanzia kona.

Bibi alikuwa amemshika mtoto miguuni, anamnyoosha. Miguu ile ilikuwa saizi ya vidole vyangu. Alisema, "Kammaliza. Kamfuata kutoka huko huko alikopelekwa, kammaliza." Wanawake wakaitikia. Zamda hakulia. Alininusa. Alinisogelea, akaninusa mikono, kwa sababu ilikuwa inanuka uwatu mpaka kwenye viwiko, uwatu mbichi, wa kweli, na yeye uji alioutumia wiki zote hizi anaijua harufu yake ilivyo hafifu. Akaitazama mikono yangu. Akaangalia masanduku. Akaenda akaleta lile kopo la samli, akaligeuza juu ya mchanga. Ulitoka unga wa mtama.

 Bibi hakuona, ana ukungu.

Tulimzika alasiri. Nilishuka mimi kaburini kumpokea, kwa kuwa baba yake yuko Kigoma. Hana uzito. Debe la Veneranda lina uzito.

Alhamisi, 28 Novemba

Harusi. Bajia zimesifiwa.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua. Imepiga mabati tangu asubuhi. Masanduku yote yamejaa maji, mizizi iliyobaki inaelea.

Jumanne, 3 Desemba

Nimeanza kwa Ratilal. Napima sukari. Wananiita Bwana Shomari.

Alhamisi, 5 Desemba

Zamda karudi Kigoma kwa treni. Nilibeba kikapu chake mpaka stesheni. Alipanda bila kunipa mkono. Silasi kaja jioni kumtafuta mkewe, kofia ya reli mkononi. Bibi kamwelekeza njia ya Kwihara kwa fimbo, kama anayemfukuza mbuzi. Mimi sikutoka ndani.

Jumapili, 8 Desemba

Leo dukani alikuja muuza mkaa wa upande ule, alikuwa ananingojea nimpimie chumvi, anapiga soga. Kasema kijiji kipya kina mwendawazimu mmoja, mwanamke mwenye mtoto mnene. Ati wiki ile kabla ya mvua alikuwa anashinda barabarani, tangu alfajiri mpaka jua linazama, siku tatu nzima. Ukimuuliza unangoja nini, anasema anangoja mtoto. Watu wanamcheka, maana mtoto kambeba mgongoni.

Chumvi ilimwagika, Ratilal kanigombeza.

Basi. Kwenye daftari hili nimejisifu kwa mengi, na mengi ni kweli. Uwatu niliiba, hilo nimeliandika tangu siku yenyewe, na mzaha nilitunga mimi, na herufi za jina lake nilizitaja mimi. Lakini tarehe 26 niliandika uongo, na nilimwandikia nani, sijui, maana mwenye kulisoma ni mimi peke yangu.

Nilimkuta. Alikuwa nyumba ya mwisho, anakandika udongo, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Alipoiona baiskeli aliinuka kabla sijashuka. Hakuniuliza habari za lori wala maneno yangu. Aliuliza, "Yu hai?" Nikasema yu hai. Akaosha mikono haraka haraka kwenye kata ya maji, maji ya kunywa, akajifuta kifuani kwa kanga. "Mlete leo. Usingoje kesho, Shomari, mlete leo leo. Mimi nitasimama pale barabarani, msinitafute ndani."

Nikamwambia, nakuja naye jioni.

Na njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu masanduku. Nilijua Zamda akisikia amepatikana ataniondoa pale pale, na baiskeli itakwenda, na majani yatakosa maji mchana ule wa jua kali. Nikajiambia, siku moja tu. Nikamwambia dada sikumkuta.